Vipande Saba vya Uwimana

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la Hilali, Kasulu mjini, pale pale basi la Kibondo lilipokuwa likisimama kupakia abiria. Mwezi wa saba baridi ya Kasulu haina masihara, lakini wenye kijiwe chao walifika kabla ukungu haujainuka, wakashika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili na kuanza kazi yao ya kila siku, yaani kuamua mambo ya watu wengine. Hilali ndiye aliyekuwa na birika. Babu yake alikuwa mtu wa Ujiji, na yeye mwenyewe aliwahi kukaa Tanga wiki tatu, zikamtosha kuizungumzia pwani maisha yake yote, kwa hiyo aliitwa Mpwani. Kipriani, dereva wa trekta lililokuwa linasubiri spea tangu mwaka juzi, alitembea na redio kwapani, akaitwa Redio. Mzee Tharsisi aliwahi kuwa mshauri katika mahakama ya mwanzo, akaitwa Hakimu, na jina hilo hakulikataa hata kidogo. Wa nne alikuwa Venanti, mkulima wa maharage, ambaye tangu Pasaka ya mwaka ule wa sabini na saba walikuwa wanamwita Sikio. Jina hilo lilitokana na shati, na shati hilo lilikuwa na mkono wake katika yeye kulala peke yake miezi mitatu.

Jumamosi hiyo Venanti alifika na kikapu. Njia nzima kutoka nyumbani alikuwa amejiapiza kwamba hatawaonyesha kilichomo, maana midomo ya wale watu aliijua. Lakini mtu akikaa na jambo moyoni wiki tatu bila wa kumwambia isipokuwa mbuzi, hufika mahali akaona hata Redio anafaa.

– Mwakeye, aliwasalimu kwa Kiha.

– Mwakeye, Sikio, alijibu Redio. Kikapu cha nini tena, unahama?

– Nipe kahawa kwanza, Mpwani.

– Kahawa hii hapa. Sema kikapu kina nini.

– Kuna kitu nataka mnisaidie kukitambua. Ila asicheke mtu.

– Hapa nani ana tabia ya kucheka? aliuliza Hakimu, naye alikuwa anauliza kwa dhati kabisa.

Venanti akasogeza vikombe pembeni, akafungua kanga kuukuu, akapanga juu ya ubao vipande saba vya kitambaa. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na upana wa kiganja. Vyote vilijipinda kidogo kama ndizi na kuchongoka miishoni. Umbo lilikuwa moja, ila vitambaa vilikuwa mbalimbali. Kimoja kilikuwa cha poplini nyeupe yenye mistari ya kijani, sawa na shati alilovaa. Kimoja kilikatwa kwenye mfuko wa unga, herufi zake bado zikisomeka nusunusu. Kulikuwa na cha marekani, cha kanga, cha foronya ya mto, na cha buluu kilichotoka kwenye mkono wa gauni. Cha mwisho kilikuwa satini nyeupe, na hicho Venanti alikiweka kando ya vingine kwa uangalifu. Pamoja navyo kulikuwa na kamba nyembamba ya katani yenye mafundo manne.

– Umevitoa wapi? aliuliza Hilali.

– Sandukuni. Chini ya nguo zake.

– Nguo za nani?

– Za nani mwingine, Mpwani? Za Uwimana.

Wakashusha vikombe kwa heshima, kwa sekunde kama tatu hivi. Uwimana walimjua wote. Baba yake alivuka mpaka na familia nzima mwaka wa sabini na mbili, wakitokea Burundi na magodoro kichwani, na sasa walikuwa wanalima Kitahana, huko Kibondo. Venanti alimwoa miaka miwili baadaye. Binti alikuja na sufuria mbili, mkasi wa mama yake, na ukaidi wa kutaka kushona kila kilichovaliwa nyumbani kwake, kwa sindano na mkono, bila cherehani. Mwishoni mwa mwezi wa nne alisema anakwenda Kitahana kumuuguza mama yake, akapanda basi hapo hapo mbele ya duka la Hilali. Venanti alimwandikia barua mbili akampa kondakta. Jibu lilikuja moja: mama anaendelea, na mbuzi asiachwe kwenye maharage.

– Nataka nivishone, alisema Venanti. Nikienda kumchukua niwe na kitu mkononi. Alichokiacha nusu nimpelekee kimekwisha.

– Ukweni huendi na vitambaa, alisema Hakimu. Unakwenda na pombe ya ndizi na msemaji. Msemaji ni mimi, nimekuambia tangu mwezi wa tano niko tayari, hata koti nimelianika.

– Pombe nitapeleka, mzee. Lakini huyu hakuondoka kwa sababu ya pombe.

– Kwa sababu gani basi?

– Kumuuguza mama yake.

– Miezi mitatu?

Venanti akanywa kahawa yake, ingawa kikombe kilikuwa kimekwisha.

– Sasa, alisema akikitua, tatizo sijui ni nguo gani. Nimejaribu kuviunganisha kila namna. Juzi nilivishona viwili pamoja, kumbe nimevishona na suruali niliyovaa. Nikainuka kumfukuza mbuzi, vikanifuata.

Hapo walicheka, na ahadi ikafia hapo. Venanti naye alicheka. Hakuwaambia habari ya siku iliyofuata, kwa sababu ile haikuwa ya kijiweni. Siku hiyo alichukua kitambaa kingine cha kujifunzia, akakaa mlangoni penye mwanga, akatunga uzi mfupi baada ya mrefu kujifunga mafundo mara nne, na akafanikiwa kushona mstari mmoja ulionyooka, urefu wa kiganja. Mishono ilifuatana midogo midogo, kila mmoja na nafasi yake. Aliutazama mstari ule kwa furaha ya mtoto. Akainua kichwa amwite mtu aje aone, na mtu pekee ambaye angeelewa kwa nini mstari ule ni kitu alikuwa Kitahana. Alikaa pale mlangoni na sindano mkononi mpaka mbuzi wakarudi wenyewe.

– Hebu tuache kicheko, alisema Redio, akakishika kipande cha buluu na kukipima kwa jicho. Ndugu zangu, mimi hii naijua. Hii ni bugaluu.

– Bugaluu iko wapi hapo?

– Mpwani, wewe huendi na wakati. Vijana wa Dar es Salaam suruali ikiwa nyembamba hawainunui nyingine. Wanapasua mguu chini, wanaingiza kipande kama hiki, mguu unatanuka unafagia barabara. Uwimana alitaka kukutoa ushamba, Sikio.

– Vipande saba?

– Suruali tatu na akiba.

– Miguu yangu ni miwili. Na suruali ninayo moja, tena ndiyo hii.

– Basi alikuwa na mipango mikubwa juu yako.

Hilali akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyekaa Tanga wiki tatu.

– Hamjui mnachokiona. Hiki kipande ukikizungusha hivi, unapata nini? Unapata ukuta wa kofia. Huko pwani mwanamke anakaa barazani anashona kofia ya mumewe mwaka mzima, tundu kwa tundu. Hizi ni kofia, bwana. Saba.

– Uwimana ni Mkatoliki, alisema Venanti. Na mimi ni Mkatoliki.

– Ndiyo maana nasita kuendelea.

– Endelea.

– Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Lakini Kibondo wapo wafanyabiashara wa Kiislamu, watu wazuri, wana maduka. Na mwanamke hashoni kofia bila kichwa.

– Mpwani.

– Nasema tu ninachokiona.

– Mke wangu anamuuguza mama yake.

– Na mimi ndivyo ninavyoomba.

Hakimu alikuwa hajasema. Alikuwa anavipanga vipande mstari mmoja, akivigusa kwa ncha ya fimbo, na Venanti alijua kwamba hukumu inakuja. Akatamani kuvikusanya vyote avirudishe kikapuni, lakini hakuvikusanya. Tangu Uwimana aondoke alikuwa na njaa ya kusikia mtu akimtaja, hata kwa upuuzi.

– Nyinyi mnatafuta nguo, alisema Hakimu. Mimi nimekaa mahakamani miaka tisa, nimeona kesi za ndoa zisizo na hesabu. Hii siyo nguo. Huu ni ushahidi.

– Ushahidi wa nini?

– Wa mashtaka. Vipande saba, mashtaka saba. Mwanamke ambaye hasemi, anaacha alama. Hiki cha mfuko wa unga: kuna siku ulikosa kuleta unga?

– Kila mtu alikosa unga mwaka ule wa njaa.

– Limekubaliwa. Hiki cha foronya, mambo ya chumbani, sitauliza. Hiki cha kanga. Ulimnunulia kanga lini mara ya mwisho?

Venanti akakitazama kikapu chake.

– Limekubaliwa. Na hiki cha poplini kinatokana na shati lako mwenyewe, maana yake mshtakiwa ametajwa. Sasa tunakuja kwenye hiki cheupe. Satini hii ni ya nini?

– Gauni lake la ndoa, alisema Venanti polepole. Amekata pindo la ndani.

Hata Redio aliacha kuchezea kifungo cha redio yake.

– Amekata gauni la ndoa, alisema Hakimu, na mara hii sauti yake haikuwa na fahari. Mwanangu, mimi ningetaka kukudanganya. Lakini mwanamke akitia mkasi kwenye gauni la ndoa, hapo hakuna rufaa.

Kahawa ikapoa vikombeni. Venanti alikitazama kile cheupe. Mwenyewe alikuwa amelifikiria jambo hilo, tena akiwa peke yake, na kulisikia mdomoni mwa mtu mwingine kulimuuma mara mbili.

– Yewe, subirini, alisema Redio, kwa sababu kukaa kimya kulimshinda. Labda si hivyo. Vikiwekwa hivi, kimoja mbele ya kingine, vinatoka huku, vinakwenda huku, vinapinda. Hii ni njia. Ni ramani. Kasulu hii hapa, Kibondo hii, halafu mpaka. Wale wazee wa kule hawajaacha kusema watarudi kwao. Mimi nimesikia redioni mambo ya...

– Redio, nyamaza, alisema Hilali.

– Nasema ramani tu.

– Nyamaza.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hofu hii Venanti alikuwa hajawahi kuitamka hata kwa mbuzi. Mzee wa Kitahana, baba mkwe wake, kila akilewa alizungumzia mlima mmoja ng'ambo ya mpaka na kisima kilichoko chini yake. Na akiamua kurudi, na binti yuko pale pale nyumbani kwake, asiye na mtoto wa kumshika huku, asiye na barua nzuri kutoka kwa mume, ila habari za maharage? Yeye ndiye aliyeandika habari za maharage kwanza. Barua zote mbili alikuwa amekaa nazo akitaka kuandika neno moja, akaishia kuandika juu ya mvua na maharage.

Na neno lenyewe alilijua. Shati alilovaa, la mistari ya kijani, Uwimana alilishona wiki tatu kabla ya Pasaka. Kitambaa walikipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Nyumbani hakukuwa na futi ya kupimia, wala kwao Kitahana haikuwapo. Walipima kwa kamba, na kila mtu wa nyumba alikuwa na kamba yake yenye mafundo: la bega, la kifua, la mkono, na la shingo. Uwimana alimsimamisha uani, akamwambia atulie asipumue, akampitishia kamba shingoni, akalishika fundo kwa kidole gumba, na kidole kile kikabaki pale kwa muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Venanti angelipa chochote alichokuwa nacho kusimamishwa tena uani vile, aambiwe asipumue.

Shati likaisha. Kola aliitia ugumu kwa wanga wa muhogo. Jumatatu ya Pasaka Venanti alilivaa akaja nalo hapa kijiweni, na asubuhi ile yenye umande ule wanga ukalegea upande mmoja. Ncha ya kulia ya kola ikainuka, ikasimama. Redio ndiye aliyeanza, akasema sikio la mbuzi limesikia fisi. Hilali alimwaga kahawa kwa kucheka. Hakimu alisema kola hiyo ishtakiwe kwa kusikiliza mazungumzo ya watu. Venanti alicheka nao, na walipomaliza kucheka alikuwa ameshapata jina.

Alipotoka hapo hakwenda nyumbani. Alipita sokoni kwa fundi mmoja mwenye cherehani, na kwa muda wa nusu saa fundi akaing'oa kola ya Uwimana, akatia nyingine iliyonyooka kama rula. Jioni Uwimana alimpakulia chakula. Akainama, akaigusa kola ile mpya kwa vidole viwili, akasema: «Imekaa vizuri.» Kisha akarudi jikoni. Baada ya wiki mbili mama yake akaugua.

– Wazee, hodi hapo, ilisema sauti ya mwanamke. Naomba nafasi nikae, nasubiri basi la Kibondo.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye kikapu kichwani na gauni ambalo mikono yake ilikuwa ya kijani kibichi na kiwiliwili cha kijani kilichopauka. Wakasogea. Hilali akampa kikombe.

– Karibu mama. Unatoka wapi?

– Kitanga. Naitwa Esteri. Nakwenda Kibondo kumwona dada yangu. Asante baba, kahawa yako ina moto, Mungu akubariki. Akanywa kidogo, macho yakashuka kwenye ubao. Nani ana kola nyingi hivi?

Wanaume wanne walitazamana.

– Kola? aliuliza Redio.

– Hizi. Si kola hizi? Au Kasulu mnaziitaje?

– Kola si inasimama, mama, alisema Hilali. Hivi vimelala.

– Kola ambayo haijashonwa kwenye shati itasimama na nini, baba? Akatua kikombe, akafuta vidole kwenye gauni, akakiinua kile cha mistari ya kijani, akakikunja katikati. Kikawa kola. Mtoto angeiona. Wanaume wanne wenye akili zao walikuwa wamekaa nacho asubuhi nzima wakakiita suruali, kofia, kesi na mpaka wa nchi.

– Na kamba hii ni ya nani?

– Sijui kwa hakika, alisema Venanti. Nadhani yangu.

– Hamjampima?

Hakuna aliyekuwa amempima.

– Mzee, Esteri alimwambia Hakimu, wewe uko karibu. Mpitishie shingoni, hili fundo la mwisho.

Hakimu akainuka na kumpitishia Venanti kamba shingoni, kwa vidole vizito vilivyonuka tumbaku. Mwisho wa kamba na fundo vikakutana barabara kwenye koo. Venanti akajikuta amezuia pumzi.

– Ni yake, alisema Hakimu.

– Basi na kola ni zake, alisema Esteri. Ngoja nizipange, mimi kazi hii ndiyo inayonitia wazimu nyumbani kwangu miaka yote. Hii ya mistari ndiyo ya kwanza. Hii ilishavaliwa, ona jasho. Iling'olewa, ikafuliwa, ikanyooshwa, akaifanya kipimo cha nyingine. Wewe ulimpa?

– Hapana. Fundi... Venanti alisita. Fundi aliikunja akaitia mfukoni mwa shati. Nikasahau.

– Akaikuta akifua.

– Labda.

– Haya. Hii ya mfuko wa unga inafuata. Tazameni hivi vitundu, hapa sindano ilipita. Alishona, akafumua. Ncha zimemshinda. Kola ni shetani, wazee, mwili wote wa shati unaweza kuushona unaimba, ukifika kola unaitupa chini. Hii ya marekani, alishona, akafumua, mishono imeanza kuwa midogo. Hii ya kanga. Hii ya foronya amebadilisha, amepunguza hapa kwenye mpindo, ameona kosa lake. Hii ya buluu ni nzuri, lakini hakuridhika nayo. Na hii... Akaishika ile ya satini kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa ndani kuuona mshono. Hii imekwisha. Mimi hii siiwezi. Hata ukiloa mvua haitainuka. Amechukua kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Venanti alikuwa amejua kwamba Uwimana alikuwa anashinda jikoni zile wiki mbili kabla ya kuondoka, mlango umeegeshwa, na yeye alidhani ni hasira. Alikuwa ameisikia sauti ya mkasi akapita nje akaenda shambani.

– Mara sita, alisema Esteri, akizitazama zote. Amerudia kola mara sita mfululizo. Halafu akainua macho, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia. Kwani hii ya kwanza, nani alimwambia mbaya?

Hilali akaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu. Redio akaitazama redio yake. Hakimu, ambaye hakuwahi kukosa hukumu tangu alipostaafu, akaweka fimbo katikati ya magoti na kuikazia macho ardhi. Venanti alitaka kusema ni fundi, lakini fundi alifanya alichoombwa. Alitaka kusema ni hawa, na hawa walikuwa wamecheka tu kama wanavyocheka kila siku, na kicheko cha kwanza kabisa alichokumbuka sasa, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa cha kwake mwenyewe.

– Nimeuliza vibaya? alisema Esteri.

– Hapana, mama, alisema Venanti. Umeuliza vizuri.

Hilali akainua birika amwongezee mtu yeyote atakayetaka. Halikutoa hata tone.

Basi la Kibondo likasikika upande wa soko, likipiga honi. Esteri akajitwika kikapu chake. Venanti akasimama naye.

– Mama, mtu ashonaye hakosi wembe.

– Ninao. Akaufungua kwenye pembe ya leso, umefungwa karatasi.

Venanti akavua shati pale pale kwenye baridi, akabaki na fulana. Akalipakata, akaanza kufumua. Cherehani ilikuwa imeshona kwa kukaza, lakini wiki tatu za sindano zilikuwa zimemfundisha mahali mshono unapojificha, na wembe ulikata mshono mmoja baada ya mwingine bila kuchana kitambaa. Basi lilifika likasimama, kondakta akashuka akaita watu wa Kibondo. Kola ya fundi ikatoka nzima. Akaiweka juu ya ubao, katikati ya vikombe, akavaa shati lake lisilo na kola, akakunja vile vipande saba na kamba ndani ya kanga.

– Sikio, unakwenda hivyo? alisema Hakimu. Bila pombe? Bila msemaji?

– Venanti, mzee.

– Nini?

– Jina langu.

Hakimu akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali.

– Venanti. Utasema nini ukifika?

– Nitalijibu swali la huyu mama.

Akapanda. Nyuma yake, Redio aliigusa ile kola ya fundi kwa kidole kimoja.

Ndani ya basi kioo cha upande wao kilikuwa hakipandi. Walipoanza kuuacha mji, upepo wa milimani ukaingia moja kwa moja, na Esteri, aliyeketi kiti cha mbele yake, akageuka akamwona jinsi shingo ilivyosimama vinyweleo.

– Baba, utaugua. Chukua leso hii ujifunge.

Venanti alishika kanga yake mapajani kwa mikono yote miwili.

– Asante, mama. Acha ibaki wazi, alisema. Nataka anipime.